Kwa Nini Fisi Hucheka Peke Yake

Enzi hizo majina yalikuwa na meno. Ukimbandika mwenzako jina, na darasa likalicheka, lilimwingia mwilini. Asubuhi aliamka akiwa vile alivyoitwa.

Fisi, kiranja wa shule ya wanyama, aliupenda sana utaratibu huo. Alimwita Nungunungu "Sindano", darasa likaangua kicheko, na kesho yake Nungunungu akaja na miiba mgongoni. Kisha Fisi akamwita Kakakuona "Magaga". Digidigi naye alicheka, ingawa Kakakuona alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alicheka kwa woga tu. Asubuhi akamkuta rafiki yake amekauka magamba mwili mzima.

Kwa aibu, Digidigi akamsindikiza kwa Mwalimu Kobe.

"Hilo halimo kwenye silabasi," alisema Kobe, akavuta kichwa ndani. Wakubwa ndio hao: shida ikibisha hodi, wao wako kikaoni.

Mchana Fisi akapanda juu ya jiwe. "Oya wanangu! Magaga nimemchoka. Kuanzia leo huyu anaitwa Hayupo!"

Wachache wa mbele wakacheka. Papo hapo upepo ukakata. Kivuli cha Kakakuona kikafutika ardhini, na Digidigi akaona nyasi za upande wa pili kupitia kifua cha rafiki yake.

"Usicheke, ndugu yangu," Kakakuona alinong'ona. "Nakwisha."

Kicheko cha woga kilikuwa kimeshampanda Digidigi kooni. Akakimeza. Akajitokeza mbele.

"Mimi sicheki. Huyu ni Kakakuona, na yupo."

"Hata mimi sicheki," akasema Nungunungu, akisimama ubavuni pake.

Vinywa vikafungwa kimoja kimoja, hadi safu ya mbele.

"Acheni kupaniki, utani tu! Chekeni basi!" Fisi akafoka.

Akaanza kucheka mwenyewe ili wamfuate. Hakufuatwa. Akacheka kwa nguvu zaidi, kisha akataka kuacha, taya zikakataa kufunga. Machozi yalimtoka, kicheko kinatoka tu. Darasa likaondoka taratibu, likamwacha hapo.

Na tangu siku hiyo Kakakuona huonekana kwa nadra mno, maana wale wachache walishacheka, na ile sehemu yake iliyofutika haikurudi tena. Fisi naye huzunguka gizani akicheka, hunyamaza kidogo, hutega sikio kama yupo wa kumwitikia.

Ukimsikia, funga mdomo wako.