Barua Iliyotiliwa Shaka

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema zamani hii ya juzi, kompyuta zilipokwisha kufika vijijini na umeme ukawa unakuja na kuondoka upendavyo, palikuwa na chama cha warina asali huko Unyamwezi, kwenye pori la miombo. Walikuwa na mizinga mia mbili na kumi, kompyuta moja kuukuu, na anwani moja ya barua pepe. Nanyi mlionuna huko nyuma, sogeeni, maana mwisho mtaulizwa.

Chama kilitaka kitu kimoja tu: kumpeleka mtu mmoja akasomee kuzalisha malkia wa nyuki, kwa sababu makundi yalikuwa yanahama na mizinga inabaki mitupu. Mwaka wa kwanza waliomba nafasi kwenye chuo cha nyuki, jibu likaja kwa barua pepe, wasilione. Mwaka wa pili waliomba, jibu likaja, wasilione. Yote mawili yalizama kwenye barua taka. Chuo kikawaambia mara ya tatu ndiyo ya mwisho, nao wakaomba tena.

Barua taka zilikuwa mia tatu kwa siku. Umeshinda gari. Mjomba usiyemjua amekufa, amekuachia almasi. Dawa ya upara hii hapa. Programu yao ya barua pepe ilikuwa na chujio lake, lakini lilizuia moja na kupitisha kumi.

Akasimama Kashindye, fundi redio na simu, akasema, "Chujio la ndani likishindwa, tutaazima la nje."

Akatafuta programu nyingine, ya bure, akaiweka jirani na ile ya barua. Akaiamuru ile ya barua: kila barua ikiingia, usiamue wewe, mpe jirani aipime. Jirani akisema safi, iache sandukuni. Akisema taka, itupe kwenye folda ya Taka. Akisita, iweke kwenye folda ya Shaka. Siku kumi na moja alihangaika, umeme ukikatika anaanza upya, wala hakuacha.

Lakini programu ilikuwa ngeni, haijui watu wala mambo yao. Akasimama Nyamizi, katibu wa chama, akasema, "Nitaifundisha mimi."

Kila asubuhi alikaa nayo. Hii taka, hii safi. Hii taka, hii safi. Wiki kumi. Ikajua kwamba penye nta na mizinga pana watu wetu. Ikajua kwamba penye "Hongera" pana tapeli.

Zikabaki zile za shaka, arobaini kwa siku. Kashindye akasema ataiamuru kompyuta izifute kila jioni. Akasimama Mama Kalunde, mchuja asali, mama mkali asiyependa kurudia neno.

"Hufuti."

"Mama, hizo ni takataka."

"Mwanangu, tukishachuja asali, machicha tunayatupa?"

"Hatuyatupi, mama."

"Mpaka?"

"Mpaka yapite mikononi."

"Basi. Kitambaa hakina macho, na hiyo programu yako haina macho. Nitazipitia mimi."

Ndiyo desturi yao: kilichobaki kitambaani hukandwa kwanza kwa mkono, maana mna nta ndani yake. Mama Kalunde husoma kwa kuburuta kidole, herufi kwa herufi. Arobaini kila siku. Watu walimcheka, na mimi nilimcheka, nakiri. Hakutujali.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, akafika ya thelathini na saba. "Hongera, mmechaguliwa." Alikuwa tayari kuifuta, lakini kidole kikaburuta hadi mstari wa tatu: "chama chenu chenye mizinga mia mbili na kumi." Tapeli gani anajua idadi ya mizinga yetu? Akaita wenzake. Barua ilisema wathibitishe kabla ya saa sita mchana wa siku ileile, la sivyo nafasi inakwenda kwa wengine. Nyamizi akajibu papo hapo. Saa tano na nusu likarudi jibu: "Mmewahi. Leteni jina la mtu mmoja kabla ya jioni."

Mtu mmoja. Hapo kitumbua kikaingia mchanga.

Kashindye akasema, "Naenda mimi. Bila programu yangu hii ingezama kama zile mbili."

Nyamizi akasema, "Wewe ndiwe uliyetaka kuzifuta za shaka. Naenda mimi. Neno 'hongera' liliivuta kwenye taka, neno 'mizinga' likaivuta kwenye safi, ndipo programu ikasita. Nani aliifundisha neno 'mizinga'?"

Mama Kalunde akasema, "Na kwamba kila hongera ni utapeli, nani aliifundisha? Naenda mimi. Mlikuwa na fundi na mwalimu, na barua bado ilikuwa jalalani. Ni kidole hiki kilichoitoa."

Kashindye akasema, "Mama, nisamehe, nilitaka kunyamaza. Nilipochimba kwenye kompyuta niliona mafuriko ya barua taka yalikoanzia. Ni siku ile ulipomjibu mtu aliyeahidi mashine ya bure ya kuchujia asali, ukampa anwani ya chama."

Mama Kalunde hakukana. "Ni kweli. Mikono ilikuwa inaniuma, niliitaka mashine ile. Nilikosea siku moja, nimelipa kila siku tangu hapo."

Hakuna aliyeshusha macho. Walikuwa wamependana kama ndugu, na ninaumia kusema kwamba siku ile hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Saa kumi ikafika. Fomu iko wazi kwenye kioo, nafasi ya jina ni tupu, na anayejua kuandika upesi ni Nyamizi, ambaye naye ni mdai.

Msigune, semeni. Mikono iko juu ya vibonye na jioni inaingia. Je, nani alistahili kwenda?