Kawa la Mize na Nzi Mwizi

Hadithi iko mlangoni, wenzangu. Semeni: na iingie!

Zimwi lilimwibia Mize sauti ya mwanawe mchanga, likajigeuza nzi, likaruka nayo. Mtoto akafumbua kinywa kulia, asitoe hata mguno. Jua likizama, angebaki bubu maisha.

Mize akanyakua kawa la kufunikia chakula. Akamfunika nzi, kashapita. Akamfunika tena, kashapita.

"Kafunike wali wako, mama!" nzi akamcheka.

Kereng'ende aliyetua mtungini akasema, "Bi Mize, unamfunika alipo. Kawa likifika, hayupo. Mimi nikiwinda naitazama njia yake, nakwenda kumngoja mbele."

"Nami nitaiona kwa macho haya mawili?"

"Hayo hayo. Usimfukuze, mtangulie."

Mize akatulia, akaufuata mruko wa nzi kwa macho tu. Kisha akalishusha kawa mahali patupu, na nzi akajiingiza mwenyewe.

"Nitoe, bibi!"

"Tema kwanza sauti ya mwanangu!"

Akaitema. Mtoto akalia, akalia, akalia, hata majirani wakaja mbio kumbembeleza.

"Mwacheni!" Mize akasema, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Mwacheni alie!"

Nikawaacha wakimsikiliza, nikaja kuwasimulia.