Chelezo cha Pimbi na Wageni Rasmi Wawili

Hapo zamani za kale, kabla bibi yenu hajaota jino la kwanza, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo mnene wa majabalini. Mkia hana, ila mdomo anao!

Pimbi alikuwa na mke na watoto wanne. Maskini, samaki hawakuwala, waliishia kunusa harufu tu kutoka kwa jirani. Basi Pimbi akakata mianzi mwezi mzima, kwacha! kwacha!, akaifunga kwa kamba mpaka viganja vikaota malengelenge. Akapata chelezo.

"Tutaelea siku tatu," akamwambia mkewe. "Ya kwanza tunavua perege kwenye matete, tunalala kisiwani. Ya pili tunavua kambale bwawani. Ya tatu tunafika kwa shemeji, tumeshiba ndi!"

Watoto hawakulala kwa furaha.

Asubuhi ya safari, wakijiandaa kupanda chelezo mtoni, wakasikia du! du! du! Kumbe ni Kifaru, na nyuma yake Fisi.

"Chelezo kizuri hiki," Kifaru akasema. "Tunakichukua. Tunakwenda kuvua siku tatu."

"Na mimi na wanangu je?"

"Nyie mtabaki kutupungia mkono," Fisi akajibu. Kwi kwi kwi!

Pimbi machozi yakamlengalenga. Mwezi mzima wa kazi, jamani! Lakini apigane na Kifaru? Thubutu! Akainama kwa adabu.

"Shikamooni, wakubwa zangu. Chukueni tu. Ila nauliza, mmeshakaa kikao cha maandalizi?"

Wakatazamana. "Kikao?"

"Ndiyo! Na mgeni rasmi wa kuzindua chelezo yuko wapi? Au mnataka kuondoka kienyeji tu, kama mbuzi?"

"Kienyeji? Sisi?" Fisi akafuta udenda. "Aka! Kikao kianze!"

"Basi mimi ni katibu. Ajenda ya kwanza, vifaa."

Wakakimbia makwao. Kifaru akaleta gunia la unga, hema, na sufuria kubwa ya shughuli. Fisi akaleta chumvi, ndoano, na kopo la minyoo lililobaki nusu.

"Mbona nusu?" Pimbi akauliza.

"Nilikuwa naonja."

"Unaonja minyoo?"

"Chambo lazima kionjwe, bwana!"

"Haya. Ajenda ya pili, kupakia."

Kifaru akabeba gunia na sufuria, jasho chururu! Fisi akabeba ndoano na kopo, akala mnyoo mwingine. Walipogeuka kufuata hema, mke wa Pimbi na watoto wake wakajipakia nao. Wakaingia ndani ya sufuria, wakavuta mfuniko. Kimya!

"Ajenda ya tatu," Pimbi akasema. "Mgeni rasmi ni nani?"

"Mimi!" akanguruma Kifaru.

"Mimi!" akabweka Fisi.

"Nyote wawili! Mtahutubia kwa zamu, pale juu kwenye kichuguu, ili muonekane vizuri. Mmoja akihutubia, mwenzake anapiga makofi. Na hakuna kuondoka mpaka hotuba iishe. Ndio utaratibu."

Wee! Kifaru akapanda kichuguu, kifua mbele. "Ehem! Itifaki imezingatiwa! Mimi nilipokuwa mtoto..."

Fisi, miguuni pake, akapiga makofi, pa pa pa! Huku chini Pimbi akafungua fundo la kwanza la kamba iliyofunga chelezo ukingoni.

"...pembe yangu ilikuwa fupi..."

Pa pa pa! Fundo la pili.

"...lakini sikukata tamaa!"

Pa pa pa pa! Fundo la tatu. Pimbi akaruka juu ya chelezo, akasukuma kwa mti mrefu. Chubwi!

Fisi akageuka. Macho yakamtoka. "Mheshimiwa! Chelezo kinaondoka!"

"Usinikatize! Nina hoja kumi na moja, hii ndiyo ya pili."

"Lakini mheshimiwa, unga! Minyoo!"

Fisi akataka kukimbia. Kifaru akamkanyaga mkia, pwa!

"Hakuna kuondoka mpaka hotuba iishe! Umesahau utaratibu? Piga makofi!"

Fisi akapiga makofi huku analia. Na Kifaru, ambaye haoni mbali hata kidogo, akadhani analia kwa kuguswa na hotuba. Akaongeza hoja mbili.

Alipomaliza, jua lilikuwa utosini na mtoni pamebaki povu tu. Wakatimua mbio hadi kwenye maji, wakasimama hapo. Hakuna aliyejua kuogelea.

Mbali kule, mfuniko wa sufuria ukafunuka. Vichwa vitano vikachungulia.

"Baba, tumeondoka?"

"Tumeondoka, wanangu."

"Na wale wakubwa?"

"Wale," Pimbi akasema, akichomeka mnyoo kwenye ndoano, "wako kwenye kikao."

Jioni ile kisiwani walikula perege mpaka matumbo yakawa ngoma. Hadithi yangu imeteremka na maji, nanyi wajukuu zangu mshike hili moja: usizindue usichokijenga.