Chuma cha Sihaba Kwenye Ukuta wa Jumbe

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanatundika ukutani akili za wenzao, palikuwa na kijiji kiitwacho Mgandini, na ndani ya Mgandini palikuwa na mwanamke jina lake Sihaba, mpika vitumbua.

Vitumbua vya Sihaba, jamani! Ukingo mkavu, katikati laini, na harufu ya hiliki iliyowatoa watu msikitini kabla dua haijaisha, Mungu atusamehe. Kisha homa ikapita nyumbani kwake, ikamchukua mumewe na mtoto. Sihaba akawa anainjika chuma chake cha vitumbua bila unga. Anatia mafuta matupu, anayageuza kwa kijiti, anayaita kwa majina ya marehemu wake.

Watu wakasema, "Huyu sasa basi." Wakamnyang'anya chuma, wakaenda kukitundika.

Maana desturi ya Mgandini ilikuwa hivi. Mtu akiugua akili, chombo chake cha kazi kinaondolewa na kutundikwa kwenye msumari, ukutani kwa Jumbe, hapo barazani, kila mpita njia akione. Mkulima hutundikiwa jembe, mshonaji hutundikiwa mkasi. Tangu siku hiyo mgonjwa hashiki moto, hashiki makali, wala hasemi barazani mpaka aulizwe. Akipona, yule aliyemponya ndiye anayekiteremsha chombo mbele ya watu, anamtia mkononi na kusema, "Namrudisha. Neno lake ni neno langu." Hapo amerudi. Mponyaji hupewa mkono wa mbuzi na heshima, na kitu kingine kilichosemwa kwa sauti ya chini: alikuwa na haki ya kukitundika tena chombo, siku yoyote atakapoona mwenzake kacheka vibaya.

Watu wa Mgandini waliiona desturi hii kuwa ya huruma sana. Wasioiona hivyo hawakuwa na ruhusa ya kusema.

Basi Sihaba akaumwa. Wa kwanza kumshika alikuwa dada yake, Mgeni. Mgeni alimwogesha, alimlisha, alimsuka nywele huku anatukanwa. Lakini wageni wakibisha hodi, humsukumia mdogo wake kwenye banda la mbuzi na kufunga. "Kaa humo, mdogo wangu," humwambia. "Mbuzi hawasengenyi."

Sihaba akakaa na mbuzi. Kweli, hawakusengenya.

Siku moja akatoka bandani anapiga kelele, na mbuzi nyuma yake. Vijana wa kijiji wakashika makuti ya moto, wakasema wamfukuze aende msituni. Ndipo akaja Maalim Jongo, mswalishaji. Akasimama mlangoni kwa Mgeni, akavua kilemba, akakiweka chini kwenye vumbi. "Anayetaka kumgusa, akikanyage kwanza hiki." Hakuna aliyekikanyaga. Akakaa hapo mpaka makuti yakazimika, akamsomea Sihaba dua kwa sauti ya upole, kama mtu anayembembeleza mtoto wake.

Ijumaa yake akapanda mimbari, akaeleza yote. Sihaba alisema nini, alimtukana nani, kanga ilikuwa imemdondoka wapi. "Nawaeleza ili mumwombee kwa ufahamu," akasema. Watu wakamwombea kwa ufahamu mkubwa, na kutwa nzima hawakuwa na mazungumzo mengine.

Kisha akaja Bwana Dresa Nyembo, mganga wa dawa za chupa, na sanduku lake na viatu vyake vya mpira. Akampa Sihaba vidonge. Sihaba akalala. Tangu msiba hakuwa amelala usingizi ule, wa kuamka na kukuta shavu lina alama ya mkeka. Dawa ile ilikuwa dawa kweli, asiyesema hivyo anamdhulumu Dresa. Ila Dresa hakujifunza jina lake. Alikuwa akifika anauliza, "Kichwa kile kimelalaje?" Na Sihaba, akiwa macho pale pale mkekani, hujijibu moyoni, "Kichwa hakijambo, Bwana Viatu."

Wa mwisho alikuwa Mwinjaka.

Mwinjaka alikuwa kinyozi. Zamani naye aliumwa, mkoba wake wa wembe ukatundikwa ukutani. Akapona. Kila mtu aliona kapona, ila hakuna aliyejitokeza kusema, "Mimi ndiye niliyemponya." Kwa nini? Fikirini wenyewe. Kumponya mpika vitumbua ni kula vitumbua. Kumponya kinyozi ni kumpa wembe na kumlazia shingo. Basi mkoba ukabaki msumarini, buibui wakauhamia, na wanaume wa Mgandini wakawa wananyolewa na wake zao. Ukikaa nyuma msikitini, mbele yako ulikuwa unaona vichwa vina ngazi, vina mabonde, kingine kina sikio lililofungwa kitambaa.

Mwinjaka, kwa kukosa wembe, alikaa kwenye banda nyuma ya nyumba ya Jumbe, akipukuchua mahindi ya watu. Polepole wakamfuata wengine ambao vyombo vyao vilikuwa ukutani, au viko njiani kwenda ukutani. Wanakaa, wanapukuchua, anayetaka kulia analia. Kijiji kikawaita Baraza la Wasiojiweza, na kikawaletea magunia. Hata Jumbe alileta mahindi yake. Wasiojiweza walikuwa wanapukuchua vizuri kuliko wanaojiweza, tena bure.

Mwinjaka akaenda kwa Mgeni, kwenye banda la mbuzi alimofungiwa Sihaba, akaketi nje ya mlango.

"Kumekuchaje, Sihaba?"

"Vibaya."

"Kwangu nako kulikuwa kunakucha hivyo. Shika hindi."

Akalipitisha hindi chini ya mlango. Kesho yake akaja tena. "Kumekuchaje?" "Vibaya." "Shika hindi." Hakumwambia ajikaze, wala hakumwambia wapo walioteseka zaidi. Siku aliyorudisha Sihaba gunzi tupu bila kumtupia usoni, Mwinjaka akasema, "Kesho njoo bandani kwetu. Kuna Chausiku, anaimba vibaya mno, tunahitaji mtu wa kumnyamazisha."

Sihaba akacheka. Akamwomba Mgeni ruhusa, akaenda. Akawa anaenda kila siku.

Masika yalipoanza, Mwinjaka akapotea. Giza lake la zamani lilimrudia, akaondoka bila kumuaga mtu. Sihaba akafika bandani, akakuta mahali pake pana kuku. Akangoja, akangoja. Akajiambia, "Kama yeye hakupona, mimi ni nani?" Akaacha kula, akaacha kumeza vidonge, na asubuhi moja Mgeni akamkuta amekaa ukingoni mwa kisima, miguu imening'inia ndani.

Mgeni hakupiga kelele. Alinyata, akamkamata kwa misuko ile ile aliyomsuka mwenyewe, akamvuta, wakaanguka wote matopeni. "Ukifa nitakuua!" akalia Mgeni. "Wallahi nitakuua, Sihaba!"

Wakalia pale kwenye matope. Sihaba akameza vidonge mbele ya dada yake, akala uji. Mvua ilipokatika akachukua hindi moja, akatoka kwenda kumtafuta Mwinjaka. Alimkuta kwenye tanuri la matofali lililoachwa, amejikunja, ndevu hadi kifuani.

"Kumekuchaje, kaka Mwinjaka?"

"Vibaya."

"Hata kwangu. Shika hindi."

Wakapukuchua pale mpaka jua likawa kali. Sihaba alipokuwa akirudi naye, akanusa moshi wa jiko la mtu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akawaza: mafuta ya huyu hayajapata moto bado. Akasimama njiani. Kile kichwa kilikuwa chake tena.

Basi miezi ikapita, Sihaba akawa mzima, na kijiji kikaona. Jumbe Kitenge akaitisha baraza.

Asubuhi ya baraza Sihaba alisaga mchele, akakamua tui, akatia hamira na hiliki, akabeba chungu cha unga kichwani mpaka barazani. Mgeni akamwambia, "Ngoja wakurudishe kwanza, ndiyo ukoroge." Sihaba akasema, "Leo lazima nipike, dada. Hata kimoja."

Jumbe akasema, "Sihaba amepona, alhamdulillahi. Aliyemponya asimame."

Wakasimama watatu kwa pamoja, wakaanza kwa neno moja: "Aliyeponya ni Mwenyezi Mungu..." Watu wakaitikia amina. Wote watatu wakaendelea, "...ila kupitia kwangu."

"Nani alimwogesha?" akasema Mgeni. "Nani alimtoa kisimani? Nina kovu la meno yake hapa mkononi, mnataka kuliona?"

"Kisima ni baadaye," akasema Maalim. "Bila kilemba changu angekuwa amekwisha liwa na fisi. Huwezi kumtoa kisimani aliyekwisha liwa."

"Mlikuwa naye kabla yangu, akalala?" akauliza Dresa. "Hakulala. Kichwa hiki kimepona kwa dawa."

"Kichwa hiki kina jina!" akafoka Mgeni.

"Na wewe una banda la mbuzi!" akajibu Dresa.

"Maalim, mwambie huyu..."

"Mimi simwambii kitu, mimi nadai chuma!"

Wakashikana. Kilemba kikaenda huku, kiatu cha mpira kikaenda kule. Sihaba akawatazama watu wale wazima na akili zao, akainama kukifunua chungu. Unga ulikuwa umeumuka, umefika shingoni.

"Basi!" Jumbe akapiga ubao. "Sihaba, nakuuliza, kwa hiyo unaruhusiwa kusema. Taja mmoja."

Sihaba alikuwa anajua. Ataje yeyote kati ya watatu, atapika leo. Akatazama ukutani, chuma chake na mkoba wa Mwinjaka, msumari kwa msumari.

"Mwinjaka," akasema.

Baraza likalipuka. "Yule? Mkoba wake mwenyewe unaning'inia! Asiyerudishwa hawezi kurudisha mtu!"

"Tena alimtupa masika yote," akasema Mgeni. "Mimi nilikuwa kisimani. Yeye alikuwa wapi?"

Mwinjaka alikuwa amesimama nyuma, nje ya kivuli. "Dada Mgeni anasema kweli," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Sikuwepo."

Jumbe akakuna kichwa chake chenye mabonde. "Na huyu Mwinjaka, ni nani aliyemrudisha?"

"Mimi," akasema Sihaba.

"Wewe? Na chuma chako kinaning'inia?"

"Basi aniteremshie chuma, nimteremshie mkoba."

"Hawezi kukuteremshia chuma kabla hujamteremshia mkoba."

"Haya, nianze mimi na mkoba."

"Huwezi kuteremsha mkoba kabla hajakuteremshia chuma!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jumbe naye akacheka, kisha akaona Sihaba hacheki, akaacha.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Nakutengenezea njia. Mmoja wa hawa watatu akurudishe. Ukirudishwa, unaweza kumrudisha Mwinjaka. Rahisi. Ila neno lako litakuwa neno la aliyekurudisha, kwa hiyo atakuruhusu yeye."

Sihaba akawageukia. "Dada, utaniruhusu?"

"Nitakuruhusu," akasema Mgeni. "Ila usirudi tena kwenye yale mahindi. Sina nguvu za kisima kingine, mdogo wangu." Na hilo hakulisema kwa ubaya.

"Maalim, utaniruhusu?"

"Kwa moyo mweupe. Ila usimame mbele ya watu, ushuhudie ulikuwaje na ni dua ya nani iliyokutoa."

"Bwana Dresa?"

"Nitakuruhusu kichwa kile cha kinyozi kikikubali vidonge vyangu. Kabla ya hapo, hapana."

Na Mwinjaka akasema toka kule nyuma, "Chukua chuma chako, Sihaba. Mkoba nimezoea kuutazama."

"Nyamaza wewe," akamjibu Sihaba. "Ulikuwa umezoea na tanuri."

Kisha akaligeukia baraza zima. "Mnataka kujua nani mzima hapa? Mpeni huyu wembe, halafu mmoja wenu akae kwenye kigoda anyolewe. Mmoja tu."

Wanaume wakajishika shingo. Maalim akavaa kilemba chake upesi. Dresa akatafuta kiatu. Mgeni akatazama chini, akatazama kovu lake. Na Jumbe Kitenge, mwenye ukuta, mwenye misumari, mwenye mahindi yaliyopukuchuliwa bure, akapeleka mkono kwenye ndevu zake, akauacha pale pale.

Wakati huo unga ukafurika. Ukatoka chunguni polepole, mweupe, unanukia hiliki, ukaanza kuteremka kwenye ardhi ya baraza kuelekea miguuni mwa Jumbe. Jumbe akainuka, akaenda ukutani, akaweka mkono kwenye chuma. Hakukiteremsha. Hakuuondoa mkono. Akageuka akawatazama watu wake wote, akijiuliza aseme jina la nani.

Nami nimewaachia mkono wake pale pale. Dada aliokoa roho, akamfungia mdogo wake na mbuzi. Maalim aliweka kilemba vumbini, kisha akamvua nguo mimbarini. Dresa alileta usingizi, hakuleta jina. Mwinjaka alileta hindi, akapotea alipohitajiwa. Na Sihaba mwenyewe alikwenda tanurini akarudi na mtu. Haya, ninyi mliokaa hapa na vichwa vyenu vizuri, jibuni upesi maana unga unachacha: je, ni mkono wa nani uliostahili kukiteremsha kile chuma?