Mgongo wa Mama Kiboko

"Nilete, nisilete?"
"Lete!"
"Na atakayebisha?"
"Alale na njaa!"

Haya, bisheni muone. Hapo kale, Mama Kiboko aliishi bwawani, kando ya mto, chini ya mlima, na mtoto wake wa kunyonya. Kila mvua iliponyesha, mashamba ya mlimani yalimwaga tope bwawani. Maji yakapungua hadi yakamfika mtoto magotini. Kiboko asiyezama, jua humbabua. Mtoto akaanza kupasuka ngozi.

Mali Mama Kiboko hakuwa nayo. Alikuwa na mgongo tu, na soko lilikuwa ng'ambo ya mto wenye mamba. Akatangaza: "Atakayeacha ukanda wa majani shambani uzuie udongo, nitamvusha na mavuno yake."

Wakaja wote. Wa kwanza Ngiri, ambaye shamba lake ni tambarare kama sinia, na majani yamejaa humo tangu zamani kwa uvivu wa kulima. Mama akavusha, akavusha, akavusha. Mgongo ukawaka moto. Mvua ikanyesha. Tope lile lile.

Msimu wa pili akasema, "Wa mlimani tu, kila mtu safari moja." Wakaja, isipokuwa Nungunungu, mwenye mteremko mkali kuliko wote.

"Shangazi, nikiacha majani napoteza matuta ya viazi," alituma ujumbe. "Safari moja hainirudishii hata mbegu."

Mvua ikanyesha. Tope lile lile. Mtoto akaacha kunyonya.

Msimu wa tatu Mama hakutangaza kitu. Alilifuata tope lilikotoka, akapanda, akahema, akapanda, hadi kwa Nungunungu.

"Mwanangu, unataka safari ngapi?"
"Tatu."
"Sema mbili."
"Tatu, Shangazi. Mteremko wangu unaujua, umeupanda sasa hivi."
"Haya. Ila nakuvusha maji yakishuka meupe, si kabla."

Nungunungu akaacha majani. Mama akasukuma tope la zamani nje kwa pua. Mvua ikanyesha. Maji yakashuka meupe. Mtoto akazama, yakabaki masikio.

Ngiri akaja juu. "Na mimi je? Majani yangu?"
"Yalikuwapo kabla yangu, mjomba. Nikulipe kwa kulala?"

Hadithi yangu nimeitua hapo, atakaye aibebe. Funzo: mwenye mgongo mmoja aupeleke linakotoka tope, na alipe tope likikoma.

Mnanitazama nini? Sawa, kipande kimoja nilikiruka. Ngiri alikwenda akang'oa majani yake yote, kisha akaja kutaka malipo ya kuyapanda upya. Mama Kiboko hakubishana naye. Alimvusha vizuri kabisa. Habari ya kumrudisha, hawakuwa wameizungumza.