Diski ya Harusi na Deki ya Mama

Palikuwa na mama mmoja mjane. Miguu ilimsumbua, akashindwa kusafiri kwenda mjini kwenye harusi ya mwanawe wa pekee. Hilo alilivumilia. Lililomkaa rohoni ni maneno ya mtaani, ya watu ambao hata harusini hawakufika, kwamba kiti cha mama mzazi pale meza kuu kilikaliwa na mtu mwingine.

Mwanawe akamtumia diski ya video ya harusi. Mama akapangusa vumbi kwenye deki aliyoachiwa na marehemu mumewe, akatia diski. Deki ikaguna, ikaandika kwamba haisomi. Akaifuta kwa upindo wa khanga, akairudisha. Vilevile. Akatia diski ya kwaya, ikaimba vizuri kabisa. Sasa wapendwa, ungekuwa wewe ungewaza nini? Na yeye aliwaza hivyohivyo: wamenipa diski tupu makusudi, nisione aliyekalia kiti changu.

Akampigia mwanawe. Kijana, na haraka zake za kazini, akamwambia atupe hilo deki la kizamani, atamletea televisheni mpya. Mama alisikia neno moja tu, tupa. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya mwana wala ya mkwe.

Mkwe, yule mke wa kijana, akaona mambo yanaharibika. Akapanda basi na kompyuta yake. Mama alimkaribisha chai, maana adabu ni adabu, kisha akamwekea diski mezani.

"Chukueni diski yenu," alisema. "Haina kitu, na nyinyi mnajua kwamba haina kitu."

Binti akaitia kwenye kompyuta, akatazama, akashusha pumzi.

"Mama, vyote vimo. Tulinakili video kama inavyokaa kwenye kompyuta, na deki yako haisomi ya namna hiyo. Diski si mbovu, deki si mbovu. Sisi ndio hatukumaliza kazi."

Akakaa kuigeuza iwe ya DVD, namna ambayo deki inaisoma. Kompyuta ilijikokota tangu chakula cha mchana mpaka kuku wakaingia bandani. Akairekodi kwenye diski nyingine, deki ikaimeza, na sebule ikajaa vigelegele. Na kiti je? Kilikuwa kitupu, kimetandikwa khanga, na mwanawe anasikika akimwambia mshereheshaji kwamba asikae mtu hapo, hapo ni pa mama.

Mama alilia, akacheka, akalia tena. "Mwanangu, nisamehe," alimwambia mkwe. "Mzigo wote huu nimeubeba bure."

Najua mnangoja nimseme mama kwa dhana mbaya. Mama mwacheni apumzike. Nawasema waliotuma diski, na hao ni sisi. Upendo tunao, lakini tunautuma kwa namna inayotufaa sisi. Mzazi anataka tukae naye, tunamtumia vocha. Mtoto anataka asikilizwe, tunamlipia ada. Wasipotuelewa tunasema wana mioyo migumu. Je, Mungu alitufanyia hivyo? Hakungoja tujifunze lugha ya mbinguni. Alikuja akazaliwa kwetu, akala samaki na watu, akalia msibani.

Basi tushukuru, ndugu zangu, hakuna kilichofutika. Yupo mtu umeacha kusalimiana naye, nawe unamwita kiziwi. Hajakukataa huyo. Hajawahi kukusikia. Nenda leo ukamwambie kwa namna anayoielewa yeye.