Magurudumu ya Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kukimbilia kengele ya asubuhi, kulikuwa na mashindano ya roboti. Naam, roboti! Acheni kucheka huko nyuma. Kila shule ilileta roboti iliyoundwa na wanafunzi wake, nayo ilitakiwa kupanda Mlima Kipara, jiwe tupu linaloteleza, ikibeba kibuyu cha maji mpaka kileleni. Shule iliyoshinda ilipewa ufunguo wa karakana ya kijiji kwa mwaka mzima, pamoja na meza zake, misumeno yake na taa zake.

Ufunguo huo Shule ya Mtoni, shule ya wanyama wakubwa, ilikuwa nao miaka sita mfululizo. Watoto wa Shule ya Vichakani, shule ya wanyama wadogo, walifanyia kazi zao jikoni kwa mama zao, kati ya sufuria ya maharage na ndoo ya maji, wakifokewa kila saa, "Ondoeni matakataka yenu, nataka kupika!"

Humo jikoni ndimo alimokuwa Kindi, binti wa darasa la sita, mwepesi wa mkono na wa ulimi, pamoja na rafiki yake Kobe. Magurudumu ya dukani walikwisha kuyajaribu. Yalikuwa magumu, yakigusa lile jiwe, sererere, mpaka chini!

Kindi akasema, "Basi tutayamimina wenyewe."

Wakachonga gurudumu la mti, wakalizungushia mpira laini, wakapata kalibu, chombo chenye umbo la gurudumu la kumiminia. Wakachukua plastiki ya maji, nzito kama uji, wakaichanganya na dawa ya kuikaza, wakamimina. Gurudumu la kwanza likajaa mapovu. La pili dawa ilipungua, likabaki linanata wiki nzima, na mama yake Kindi akalikalia na kanga yake mpya. La tatu Kobe alisahau kupaka kalibu mafuta. Gurudumu likang'ang'ania humo, wakalitoa kwa kisu, vipande vipande.

Miezi miwili, wanangu! Kindi alikuwa na madoa meusi mpaka kwenye viwiko, na kila Jumatatu aliadhibiwa shuleni kwa uchafu. Lakini mwishowe wakapata manne, meusi, yanayobonyea kidogo na kushika jiwe barabara.

Siku ya mashindano ikafika. Asubuhi wakaenda kwenye meza ya ukaguzi. Na nani kakaa hapo na muhuri mkononi? Kiboko! Kiboko nahodha wa Shule ya Mtoni, mshindani mwenyewe, ndiye mkaguzi! Pembeni yake kasimama Nyati, msaidizi wake, kazi yake kukunja uso. Niambieni, ni haki hiyo? Mimi hata leo nikikumbuka natetemeka kwa hasira.

"We kadogo, magurudumu haya umenunua wapi?" Kiboko akauliza.

"Hatukununua, kaka. Tumeyamimina wenyewe nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Jikoni, kaka."

"Hohoho! Vitu vya jikoni marufuku hapa. Nyati, ng'oa!"

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?" Kindi akaruka juu ya meza. "Tuonyeshe!"

"Sheria ni mimi," akasema Kiboko. "Na roboti isiyo na magurudumu jua likifika utosini inatolewa mashindanoni."

Kwa! Kwa! Kwa! Kwa! Nyati akayang'oa yote manne.

Kindi akaondoka na roboti yake kifuani, machozi ya hasira yakimtiririka. Hata hajafika mbali, Kobe akamvuta mkia.

"Kindi, tazama kule."

Roboti ya Mtoni ilikuwa ikizunguka uwanjani kwa maringo. Ilikuwa imesimama juu ya magurudumu manne meusi.

"Wezi!" Kindi akapiga ukelele. "Wezi wa mchana kweupe!"

Akakimbia moja kwa moja mpaka kwa mwamuzi mkuu, Bibi Korongo, mrefu, mwenye miwani. Bibi Korongo akawaita wote.

"Magurudumu ni yangu," Kiboko akasema bila kupepesa jicho. "Nimeyamimina kwa mikono yangu hii."

"Mwongo!" Kobe akafoka. "Mimi ni shahidi!"

"Shahidi gani, na nyinyi ni chungu na mfuniko wake?"

Bibi Korongo akakuna kichwa kwa ukucha. Hakujua amwamini nani. Kindi akameza machozi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Aliyemimina mara moja hashindwi mara ya pili. Tupe plastiki, dawa na kalibu, kila mtu amimine gurudumu moja hapa mbele ya wote."

"Umenena," akasema Bibi Korongo. "Nawapa nusu saa mjiandae."

Ah, mngemwona Kiboko! Uso ulimshuka. Akamkonyeza Nyati, na punde si punde Nyati akawabana Kindi na Kobe nyuma ya choo cha uwanja.

"Semeni mnavyochanganya, la sivyo huyu Kobe namgeuza chali mpaka Jumatatu!"

"Usimwambie, Kindi!" Kobe akalia.

Lakini Kindi alimjua Nyati tangu darasa la kwanza, kwani njia ya shuleni ilikuwa moja. Penseli zote za Kindi Nyati alizinyang'anya. Maandazi yake yote aliyapora. Ukimpa andazi kwa hiari yako alilitupa, akakupekua mifuko, akiamini zuri umelificha. Kwa hiyo Kindi akatabasamu, akajibu upesi.

"Kumbe ni hilo tu, kaka Nyati? Vikombe vinne vya plastiki, kijiko kimoja cha dawa. Unapaka kalibu mafuta, unakoroga polepole, unamimina, unasubiri."

Nyati akamkodolea macho. "Kijiko kimoja?"

"Kimoja tu."

"Plastiki yote ile ikazwe na kijiko kimoja?"

"Ndivyo, kaka. Ukizidisha utaharibu."

Nyati akapuliza pua, frrr! "Umejibu haraka mno, we kajanja! Mnataka yetu yasigande, tuaibike. Sisi hatudanganywi na watoto!" Akaondoka mbio, vumbi likitimka.

Kobe alikuwa karibu kulia. "Umemwambia kweli tupu!"

"Tupu kabisa. Ningemnyima, angenipiga mpaka niseme, na kilichotoka kwa kipigo angekiamini."

Nusu saa ikaisha, wakasimama mbele ya wote. Kindi akapima vikombe vinne, akatia kijiko kimoja, akakoroga taratibu. Akamimina, akakaa chini.

Kiboko akamtazama kwa dharau. "Yule anawapumbaza. Wakubwa tunafanya hivi!" Akamimina plastiki kwenye ndoo, akashika chupa ya dawa, akaiinamisha. Gluku, gluku, gluku! Chupa nzima. Akakoroga kwa mwiko, kwa nguvu zake zote.

Mara, fuuu! Moshi.

"Mbona ndoo ina moto?" Nyati akauliza.

"Nyamaza, ndiyo inakaza!"

Ikakaza kweli. Tss, tss, kra! Mwiko ukasimama wima. Kiboko akauvuta, ukaja na ndoo yote. Akautikisa, ndoo ikamgonga Nyati puani, pwaa! Kalibu yao ilikuwa bado tupu mezani.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kindi hakucheka. Alisubiri kwa muda wa kupika ugali, akafungua kalibu yake, na gurudumu likatoka, jeusi, linabonyea kidogo. Bibi Korongo akaliweka kando ya yale manne. Yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Bibi Korongo, huu ni uonevu!" Kiboko akanguruma, jasho likimtoka. "Huyu kadogo katudanganya!"

"Kawadanganya nini?"

"Kamwambia Nyati kijiko kimoja!"

Bibi Korongo akavua miwani yake.

"Na yeye mwenyewe katia vingapi?"

Kiboko akatazama chini. "Kimoja."

"Na wewe?"

"Chupa nzima."

"Basi nijibu, Kiboko. Kama magurudumu ni yako, Nyati alikwenda kumuuliza nini?"

Kiboko akanyang'anywa muhuri wa ukaguzi palepale. Nyati akaamriwa apige magoti na kuyarudisha magurudumu, moja moja, kwenye roboti ya Kindi, huku watoto wote wa Vichakani wakimhesabia kwa sauti. Kabla jua halijafika utosini roboti hiyo ilikuwa kileleni, na kibuyu hakikumwaga hata tone. Mama yake Kindi alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa sauti, kwani ufunguo wa karakana sasa ulikuwa wa Vichakani, na jikoni kwake hatimaye kungekuwa na nafasi ya kupikia.

Nanyi wanangu, shikeni hili: anayemdharau mdogo hupewa kweli bure, akaitupa.